Mgonjwa na Kalamu Yake

Huku kwetu Buguruni nyumba zimekaribiana, wala ugonjwa haufichiki kwa jirani. Lakini kuuandika ni jambo jingine. Je, yampasa mtu kuandika habari za ugonjwa mzito, watu wote wazisome?

Twamkumbuka Mama Noerine Kaleeba wa Uganda. Mumewe alifariki kwa UKIMWI mwaka 1987. Mwaka huo huo yeye na wenzake walianzisha TASO, chama cha kuwasaidia wagonjwa. Na mwaka 1991 akatoa kitabu cha habari za nyumba yake, wakati wengi waliogopa hata kuutaja ugonjwa huo.

Wahenga walinena, Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila ugonjwa wa mmoja ni siri ya wengi: yuko aliyefua mashuka, yuko mtoto aliyelia, yuko jirani aliyeacha kubisha hodi.

Basi twasema, mgonjwa na aandike, ili mwenziwe aliyelala kwa hofu ajue kwamba hayuko peke yake. Lakini waliomwuguza waulizwe kwanza. Asiyeridhia, jina lake lisitajwe. Na marehemu aandikwe kwa heshima. Maumivu yetu ni mali yetu, twaweza kuyatoa. Ya mwenzetu ni amana.