Mchunie Rafiki Yako Majani Chai

Mama yake rafiki yako amelazwa. Huenda ni Longisa, huenda ni Tenwek au hospitali ya rufaa ya Kericho. Kidonda cha mguu kilichoanza kama mkwaruzo hakisikii dawa, na daktari ameshaibadilisha mara mbili. Rafiki yako ana usiku wa tatu kwenye kiti cha wodini, na nyumbani ng'ombe analia kiwele kimejaa.

Usimwandikie "pole, ukihitaji chochote niambie." Mtu aliyekesha hana nguvu hata ya kujua anachohitaji. Vaa gambuti, jitwike kikapu, ingia shambani kwake.

Chai haina subira. Majani mawili na chipukizi yakipitisha siku zake hukomaa, kwenye kituo cha kununulia chai yanakataliwa, na malipo ya mwezi yanapungua huku bili ya hospitali ikipanda kila usiku. Kwenye shamba dogo, watu wachache wakiamka pamoja wanasogeza raundi ya kuchuna mbali sana. Hakuna mchango wa harambee unaoushinda msaada huo.

Ukienda kumwona mgonjwa, nawa mikono kwa sabuni unapoingia na unapotoka. Usiketi kitandani kwake, usiguse bandeji. Bakteria sugu, wale wasiosikia dawa, hupenda kusafiri kwa mikono yetu, kutoka kitanda hiki hadi kile. Najua kwetu mgonjwa hutembelewa na ukoo mzima, na ni desturi nzuri, lakini wiki hii waingie wawili tu. Wengine kazi wanayo: ile chai.

Mpe rafiki yako maneno ya kumuuliza daktari, maana uchungu humfanya mtu asahau. "Mmechukua usaha mkauotesha maabara? Ni dawa gani bado inawaua wadudu hawa?" Majibu huchukua siku mbili tatu hivi, na hizo ndizo siku ngumu kuliko zote. Atashawishika kukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya nguvu. Mshike mkono. Na wewe usimletee vile vilivyobaki kabatini kwako.

Wengi husema mwili wa mama umezoea dawa. Mwili haujazoea kitu. Waliozoea ni bakteria. Kila dozi ya ovyo, vidonge viwili leo na kimoja kesho, au antibiotiki kwa mafua ambayo haiwezi kuyatibu, huua wadudu dhaifu na kuwaachia wale wagumu nafasi ya kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 usugu huu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Hata hivyo usimhukumu rafiki yako. Usimuulize kwa nini hawakuwahi hospitali, wala nani alinunua amoksilini bila cheti. Swali hilo ameshajiuliza mwenyewe gizani mara mia. Mwambie wazi kwamba si yeye aliyemlaza mama yake. Wadudu hawa tumewalea sisi sote, kwenye maduka ya dawa na kwenye mazizi yetu.

Ndiyo, mazizi. Yule ng'ombe unayemkamulia rafiki yako, uliza kama alidungwa antibiotiki ya ugonjwa wa kiwele. Kama alidungwa, maziwa yake yasiuzwe wala yasitiwe kwenye kibuyu cha mursik mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Inauma kuyamwaga. Yamwage.

Sasa chukua simu, uwapigie majirani watatu kabla hawajalala. Mmoja akamue, mmoja apeleke uji na chai kwenye themosi, wawili mshike vikapu alfajiri. Kisha mwandikie rafiki yako: "Kaa na mama. Shamba tunalo sisi."