Mti wa Kila Mahali na Mti wa Mahali Pamoja



Mwezi uliopita, baada ya ibada, wazee wa kanisa walikaa chini ya mwembe kuzungumza habari ya kile kiwanja kilicho wazi nyuma ya kanisa letu. Padre alisema ipandwe miti, na hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza alipouliza, miti gani? Vijana wakataka mitiki, maana ina soko. Mama mmoja akataka mikaratusi, kwa ajili ya kuni. Sisi, ambao tumestaafu ualimu na tumebaki na mazoea ya kusema sana, tukataja mtambara. Watu wakacheka. Mzee mmoja akatuambia, "Mwalimu, mtambara ukiupanda leo, atakayeukata ni kitukuu chako. Na huko juu si iko tele?"

Neno hilo "tele" ndilo lililotukosesha usingizi. Mzee hakusema uongo. Mwenye kuishi kwenye miteremko hii ya Usambara Mashariki ameona mitambara tangu utoto wake. Lakini ukitoka hapa, ukizunguka dunia nzima, hutauona isipokuwa katika misitu michache ya jirani. Basi mti uliomo humu kwetu kwa wingi, na duniani karibu haumo, tuuite wa kawaida au adimu? Na ukiwa adimu, je, una dai lolote juu yetu?

Tutazame kwanza jinsi hali ya hewa inavyoulea mti. Anayesafiri kutoka Korogwe kwenda Mombo huona nyika: migunga, mibuyu, mashamba ya katani. Mvua huja kwa msimu, kisha jua hukaa miezi. Miti ya hapo imefunzwa na ukame. Mgunga una vijani vidogo mno, usipoteze maji. Mbuyu huweka maji katika shina lake, na kiangazi hupukutisha majani yote ukasimama kama uliokufa, kumbe wangoja.

Kisha upande gari la Muheza kwenda Amani. Safari si ndefu, lakini ukifika umepanda mita 900 hivi juu ya bahari, na ukungu unakungoja. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima hii, hupanda, hupoa, na kumwaga maji yake. Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na ni nadra mwezi kupita pasipo mvua kabisa. Hapo mti hauna haja ya kupukutisha majani yote wala kuvaa miiba. Majani mengi ni mapana, yenye ncha iliyochongoka ambayo maji hutiririkia yakadondoka.

Jambo kubwa zaidi limo ndani ya mbegu. Chini ya msitu mnene ni giza, na mche mchanga hauwezi kujitafutia chakula mara moja. Kwa hiyo miti mingi ya huko huwapa watoto wao masurufu ya safari: mbegu kubwa, nzito, iliyojaa. Mtambara ni jamaa ya mkungumanga, na mbegu yake ni ya aina hiyo. Msambu nao huzaa tunda zito lenye mbegu za mafuta, ambazo watu wetu huziokota na kuziuza. Mbegu za namna hii nyingi hazihimili kukauka. Huwezi kuziweka ghalani kama mahindi. Ama ziote karibuni, ama zife. Huanguka karibu na mama yao, na pengine panya buku huziburura hatua chache.

Sasa mbegu kama hiyo itavukaje nyika? Milima yetu, toka Taita kule Kenya hadi Udzungwa, imekaa kama visiwa, na kati yake kuna bahari ya ukame. Kwa mamilioni ya miaka unyevu wa baharini haukuitupa. Miti ikazoea ulinzi huo, ikawa haina silaha nyingine. Hivyo, msomaji mpendwa, neema ileile iliyoupa mti umbo lake ndiyo iliyoufunga mahali pamoja.

Mvule si hivyo. Huo umeenea toka Afrika Magharibi hadi Msumbiji. Huvumilia kiangazi kwa kupukutisha majani, na mbegu zake ndogo husambazwa na popo usiku. Ni mti wa kila mahali. Hata hivyo, tafuta mvule mnene vijijini kwetu leo uone utakavyochoka. Huo umefanywa adimu na shoka wala si hewa. Kuna uadimu wa namna mbili basi, na twadhani watu hukosea wanapouchanganya.

Maana kuna hoja tuliyoisikia hata kwa walimu wenzetu: kwamba mti usioweza kuishi ila mahali pamoja umeshahukumiwa na maumbile yenyewe, basi tuuache uende zake, tupande unaojimudu. Hoja hii huonekana ya busara. Sisi wenyewe tuliifundisha. Katika miaka ya 1980, tukiwa vijana tuliotoka chuo cha ualimu juzi tu, tuliwaambia wanafunzi kwamba mti bora ni ule uotao upesi, na tukawapa mfano wa ule ambao Waganda huuita musizi. Mti huo ni wa nchi za ziwani na magharibi zaidi. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Wajerumani kuanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Hupenda jua, hukua kwa haraka ya ajabu, na hondohondo hula matunda yake na kuzitupa mbegu mbali. Msitu ulipofunguliwa kwa ukataji, musizi uliingia kwenye kila pengo.

Na nani aliyeufungua msitu? Si hali ya hewa. Miaka ya 1970 na 1980 mitambara iliangushwa ili ikatengenezwe plaiwudi, na wengine wakafyeka miti midogo ili kulima iliki chini ya kivuli cha ile mikubwa. Dari ya nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya mbao za mtambara. Tulizinunua kwa bei ndogo, wala hatukuuliza zimetoka mti wa umri gani. Hatuwezi kuuambia mti huo kwamba umeshindwa mashindano, iwapo sisi ndio tuliokuwa waamuzi na tukacheza pia.

Tena sasa joto linaongezeka. Mti wa mlimani ukitaka baridi yake ya zamani hauna budi kupanda juu, kizazi kwa kizazi. Lakini kilele cha juu kabisa cha Usambara Mashariki ni mita 1,500 na kidogo. Baada ya hapo ni mawingu.

Hata hivyo hatutaki kuwa wepesi wa kusema. Kudai kwamba tunawiwa na mti adimu ni rahisi kwa mwenye pensheni. Miaka ya 2000 kuna watu walioacha mashamba yao ya iliki pale Derema ili misitu miwili iunganike. Walilipwa fidia, na wako wanaosema hadi leo kwamba haikutosha. Dunia nzima hufurahia kuwa mtambara upo. Anayekosa shamba ni mmoja. Kama mti huu ni wa wote, gharama nayo ingekuwa ya wote, na hapo ndipo twaona haki imepinda. Lakini deni kutogawanywa vizuri si sababu ya kusema hakuna deni.

Hayo tuliyasema kwa ufupi chini ya mwembe, maana mvua ilikuwa inakaribia. Mzee yule akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe hiyo tele yetu ndiyo yote iliyopo?" Tukamjibu, karibu yote.

Wazee wakaamua: mitiki sehemu kubwa ya kiwanja, kwa sababu paa la kanisa linavuja, na upande wa kijito, penye unyevu, mitambara minne. Mkwe wetu ana mmoja mkubwa shambani kwake, akatuletea mbegu sita kwenye kikapu chenye majani mabichi. Tulizitia udongoni siku ileile, kwa kuwa haziwezi kungoja. Jumapili iliyopita mbili zilikuwa zimechipua.