Msisubiri Arusha

Wanangu wa Holili, nanyi wa Taveta mliokuja juzi kumzika shangazi yenu, siku ile sikupata nafasi ya kusema lililonikaa moyoni. Watu walikuwa wengi, na mmoja wenu aliachwa ng'ambo kwa kusahau kipande chake nyumbani, akayasikiliza mazishi kwenye simu. Nimeona niandike, kwa sababu wawili kati yenu sasa ni watu wa kuchaguliwa: mmoja diwani huku Tanzania, mwingine mwakilishi wadi kule Kenya.

Mkiizungumza Jumuiya ya Afrika Mashariki, ninyi huitazama Arusha, yaliko makao makuu, au huwatazama marais wakiwa kwenye kikao. Mimi nimezeeka hatua chache kutoka mpakani, na nimeona Jumuiya ikifa na kufufuka hapa hapa, baina ya Mkoa wa Kilimanjaro na Kaunti ya Taita Taveta. Naamini ndivyo ilivyo pia baina ya Tanga na Kwale, na kule Mutukula, Kagera inapopakana na Uganda.

Jumuiya ya kwanza ilisainiwa Kampala mwezi Juni 1967. Tulikuwa na shirika moja la reli, moja la posta, moja la ndege. Juu kabisa walikaa marais watatu, wa Kenya, Uganda na Tanzania. Januari 1971 Amin akampindua Obote huko Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na kikao cha watatu wale kikakoma. Sababu nyingine zilikuwapo: ugomvi wa nani anafaidi zaidi, madeni ya mashirika, Ujamaa wetu na ubepari wa jirani. Lakini hili la kikao ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo. Chini ya marais walikuwapo mawaziri na mashirika. Mkoa wa mpakani haukuwa na kiti. Wakubwa waliponuniana, huku chini hapakuwa na watu wenye idhini ya kuendelea kuzungumza.

Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983. Shangazi yenu alikuwa ameolewa Taveta mwaka mmoja tu kabla ya mpaka kufungwa. Baba yetu alipofariki, alipita njia za panya usiku, miguu ikachanwa na miiba, akafika kihambani, shamba la ukoo wetu, alfajiri ya siku ya pili na kukuta kaburi limeshafukiwa. Hakulia mbele yetu. Aliketi kando ya kaburi mpaka giza lilipoingia, kisha akarudi alikotoka, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kunyonyesha.

Jumuiya ya sasa ilisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ina mengi mazuri. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010. Tangu 2016 hapa Holili na Taveta msafiri anagongewa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja. Mama anayepeleka maharage soko la Taveta siku ya Jumatano au Jumamosi, mzigo wake ukiwa haujazidi dola 2,000 na ni mazao ya nchi za Jumuiya, anaweza kupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, asilipe ushuru wa forodha. Bado kuna kibali cha afya ya mimea, na bado wengi hawajui haki hiyo, ndiyo maana bodaboda za njia za panya hazijakosa kazi. Diwani, hilo ni lako. Kawaeleze akina mama sokoni, tena kwa lugha yao, wala usingoje semina.

Sasa jueni mnapokwama. Gavana wa kule amepigiwa kura, ana bajeti yake na bunge lake la kaunti, lakini Katiba ya Kenya ya 2010 imeacha mambo ya nje mikononi mwa serikali ya taifa. Mkuu wa mkoa wa huku ameteuliwa na Rais, na halmashauri yenye madiwani iko chini kidogo, ikiwa na mamlaka ya aina nyingine. Wakikutana, wanapeana mikono, wanapiga picha, halafu kila mmoja anatafuta nani mwenye kalamu ya kusaini. Nadhani hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa Jumuiya hii, na hausemwi vya kutosha.

Msidhani mikoa ni malaika. Oktoba 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikamatwa wilayani Mwanga, wakapigwa mnada kwa amri ya mahakama. Muda mfupi baadaye vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikachomwa moto Namanga. Mei 2020, wakati wa korona, ni wakuu wa mikoa yetu ya mpakani waliozuia magari ya Kenya, baada ya Kenya kuwazuia madereva wetu. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Sisemi nani alikosea. Nasema kila mara watu wa mpakani walianza kutafutana baada ya moto kuwaka, hali wanafahamiana kwa ukoo.

Wengine hawakungoja moto uwake. Wajerumani na Waholanzi wa eneo la Gronau walianza ushirikiano wa manispaa zao za mpakani mwaka 1958, miaka 13 tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walikuwa na makaburi mengi ya kukumbushana kuliko sisi.

Na sisi tunalo Ziwa Jipe. Mpaka unapita katikati ya maji. Mto Lumi unashuka mlimani kwetu, unaingia Taveta, unamwaga ziwani. Maji yanatoka kwa Mto Ruvu, yanarudi Tanzania hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani na baharini. Mti ukikatwa Rombo, tope linakwenda Kenya, magugu yanasonga ziwa, na mvuvi wa Mwanga anakosa perege. Serikali zetu zilishakubaliana kusimamia kwa pamoja Jipe, Chala na Mto Umba. Karatasi ipo. Kinachokosekana ni watu wa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na majina yao kuandikwa, na mwenye kutofika kuulizwa.

Mwakilishi, mtafute binamu yako diwani Jumamosi ijayo, siku ya soko. Mchukue mvuvi mmoja wa kila upande na mkulima mmoja wa Lumi. Shangazi yenu ameacha nyumba tupu pale Taveta, ina viti sita. Ufunguo ninao mimi.