Machozi ya Msitu Usiokuwapo

Msomaji wa riwaya za walimwengu wa kubuni huililia miti ambayo haijapata kuota. Suali ni hili: machozi hayo yana thamani gani, ikiwa chungu cha msomaji huyo huyo kinatokota juu ya mkaa wa msitu ulioota kweli?

Riwaya ya J.R.R. Tolkien, ambayo mchapishaji aliigawa vitabu vitatu vilivyotoka mwaka 1954 na 1955, imekuwa kigezo cha trilojia nyingi za aina hiyo. Humo mchawi Saruman anakata miti ili alishe matanuri yake, hata wachungaji wa miti wanainuka na kuivunja ngome yake. Msomaji hufurahi, kwani dhalimu ana jina, ana mnara, na mnara umezingirwa.

Kisarawe hakuna mnara. Msitu wa Ruvu Kusini, ulioenea katika Kibaha na Kisarawe, pamoja na ile ya Pugu na Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu mikongwe ya pwani. Kwa miaka mingi miti imekatwa humo, ikapangwa, ikafunikwa udongo na kuchomwa. Magunia yakapakiwa kwenye baiskeli, yakaishia Dar es Salaam. Nani hapo dhalimu? Mchoma mkaa anatafuta ada ya mtoto. Mwenye baiskeli anatafuta unga. Mnunuzi anaivisha maharage. Haba na haba hujaza kibaba; haba na haba humaliza msitu.

Hapo ndipo ngano za mnara zinapopotosha: humzoeza mtu kumtafuta mwovu mbali. Shaaban Robert alikwepa kosa hilo. Katika Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, hakuna zimwi la kuuawa. Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliorudi na kheri wakalipwa kifungo. Mwenye hatia ni baraza zima lililozoea.

Hata hivyo machozi ya ngano si bure. Aliyewahi kuuona mti wa kubuni kuwa na haki ya kuishi amekwisha kujifunza jambo ambalo bei ya gunia haimfundishi. Tena kitabu cha kwanza cha trilojia hufungwa kabla ya ushindi: kundi la Tolkien linatawanyika, pete haijaangamizwa, na bado wawili wanaendelea na safari. Huko ni kutenda wajibu bila kuahidiwa mwisho mwema.

Lakini machozi ni deni, na deni hulipwa na aliyekopa. Kumkamata mchoma mkaa peke yake ni kumjengea mnara asio nao, ili wapishi wa mjini walale wametulia. Malipo ya haki huanza kwa anayenunua: apunguze moto wake, na akubali kuchangia riziki mpya ya yule atakayeweka shoka chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kiulacho msitu ki jikoni mwako.