Mapumziko ya Siku za Giza

Katika nchi za kaskazini ya dunia, msimu wa baridi huwaamuru watu kupumzika. Mjini London, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 alasiri. Mjini Tromsø, kaskazini ya Norwe, jua halionekani kabisa kwa muda wa miezi 2 hivi. Zamani wakulima wengi wa nchi hizo hawakuwa na hiari: theluji ilifunika mashamba, plau iliwekwa ghalani, na watu waliketi karibu na moto wakitengeneza vyombo vyao, wakisimulia hadithi na kuupima mwaka uliopita.

Sisi wa Ogembo hatukupewa amri hiyo. Ikweta i karibu nasi, chini ya kilometa 100, na mchana wetu wa Desemba hutofautiana na mchana wa Juni kwa dakika chache tu. Mvua ya nchi ya Wagusii huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na ardhi hailali. Mgomba huzaa wakati wowote. Majani ya chai huchipuka mwaka mzima, na mchumaji hurudi katika mchai ule ule kila baada ya wiki moja au mbili. Rutuba hii ni neema. Lakini mahali ambapo ardhi haipumziki, mtu naye husahau kupumzika.

Hata hivyo hatukukosa siku zetu za giza. Pepo zenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria na kupanda vilima vyetu, na wakati wa masika mawingu hukusanyika alasiri hata mchana ukafanana na magharibi. Mto Gucha hujaa, njia huteleza, na kazi ya shamba husimama kwa saa chache. Saa hizo ndizo msimu wetu wa baridi. Swali ni hili: tuzitumieje?

Wako wasemao kwamba mtu akiketi ni mvivu. Kauli hiyo haina haki. Mvivu huikimbia kazi iliyo mbele yake. Mwenye kupumzika amefika katika nafasi iliyo kati ya kazi mbili, naye huitumia kujiuliza: nimefanya nini, kwa ajili ya nani, na kesho naelekea wapi? Mtu asiyejiuliza maswali hayo huweza kukimbia maisha yake yote katika njia isiyo yake. Wala usingizi peke yake si pumziko kamili, kwa kuwa mwili ulalapo nafsi haijihesabu. Tena siku hizi simu hujaza hata dakika 5 za ukimya, na mtu huinuka akiwa amechoka kuliko alipoketi.

Lakini liko jambo zito zaidi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate nafasi, na kwamba kutafakari ni tendo bora la nafasi hiyo. Mafundisho hayo ni mazuri, ila yana doa. Yeye aliutetea utumwa, na nafasi ya mabwana wa Athens ilisimama juu ya mabega ya watumwa.

Kabla ya kumhukumu, na tutazame jikoni kwetu. Mvua inyeshapo, baba huketi, kijana wa kiume hunyosha miguu, na maongezi huwa matamu. Ni nani apulizaye kuni mbichi? Ni nani atokaye kukinga maji ya paa? Mara nyingi ni mama na binti yake, ambao nao walikuwa shambani tangu asubuhi. Methali yasema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Haikusema kwamba mmoja achume na mwingine ale.

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulitangaza, katika kifungu cha 24 cha Tangazo la Haki za Binadamu, kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika. Maneno hayo, kila mtu, hayakuliacha jiko nje. Huenda msomaji akasema kwamba desturi ndivyo ilivyo, na kwamba jikoni si mahali pa mwanamume. Namjibu kwamba desturi huwekwa na watu ili iwatunze watu. Ikiwa inamnyima mmoja pumziko lake, yastahili kupimwa upya, na saa ya kuipima ndiyo hiyo ya mvua.

Basi, tafakari isiyomwona mtu aliyesimama kando yako si tafakari. Ni starehe tu. Kijana akitaka kujua kama pumziko lake ni halali, na ajiulize swali moja: ni nani anayefanya kazi ili mimi niketi? Akimwona, na ainuke ashike kuni. Kazi ya wawili huisha upesi, na mvua itakuwa ingali inanyesha. Ndipo wote wataketi, na wote watapata nafasi ya kuwaza.