Chumvi ya Marib na Upepo wa Loiyangalani

Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea habari ya Abyad bin Hammal, mtu wa Yemeni, aliyemwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) akaomba apewe chumvi ya Marib iwe yake. Akapewa. Alipoondoka, mmoja wa waliokuwa wamekaa pale akasema kwamba alichopewa Abyad ni mfano wa maji yasiyokauka. Mtume akairejesha chumvi ile. Kisa hakizidi mistari michache, lakini wanazuoni wa fikihi wamekirudia karne baada ya karne, na nadhani wana sababu. Abyad hakudanganya wala hakuiba. Kilichobadilika baina ya kupewa na kurejeshwa ni elimu tu: ilijulikana kwamba kitu chenyewe hakiishi, na kwamba anayekihitaji hukifikia bila kutoka jasho. Kitu cha namna hiyo, wakasema wanafikihi, na hasa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, hata mtawala hana mamlaka ya kumkatia mtu mmoja wengine wakazuiwa. Wakayagawa madini mafungu mawili: ya dhahiri, yaliyo wazi kwa kila ajaye, na ya ndani, yasiyopatikana ila kwa kuchimba na kugharimia. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliliweka suala hili katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Kwake yeye hili lilikuwa jambo la sheria ya dola, wala hakuliachia tabia njema ya mtu na jirani yake.

Swali hilo limerudi, na safari hii limekuja na mitambo. Jua na upepo, vitu visivyokwisha kuliko chumvi yoyote, leo vina leseni, bei na mikataba ya miaka ishirini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 260, inapofasiri neno maliasili inaanza na mwanga wa jua, ndipo yanafuata maji, misitu na madini. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 nayo ikasema kwamba nishati jadidifu ambayo bado haijatumiwa, iliyo chini ya ardhi au ndani yake, ni ya serikali ya taifa. Maneno hayo yanaukaa vizuri mvuke wa jotoardhi wa Olkaria. Kwa upepo yanapwaya kidogo, maana upepo hauko chini ya ardhi ya mtu yeyote. Lakini tuseme kusudio limeeleweka. Linalobaki ni neno dogo, "ya". Upepo ni wa serikali kwa maana gani? Mwenye mali huuza, hugawa, huzuia apendavyo. Mwenye amana hana ruhusa hiyo: anaweza kumruhusu mtu afanye kazi katika alichowekewa, anaweza kumtoza na kumsimamia, ila kitu chenyewe hakiuzi kwa kuwa si chake. Ninachoshikilia hapa ni kwamba kwa jua na upepo dola haiwezi kuwa ila mwenye amana, na kwamba mdhibiti wa umeme akilisahau hilo atapotoka katika bei na katika mikataba, hata kama kila karatasi imepigwa muhuri.

Tazama Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit. Upepo unaopita baina ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, na katika njia yake imesimamishwa mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Ni mradi mkubwa kwa kipimo chochote, na umeingiza katika gridi ya taifa umeme usiochoma tone la mafuta. Bei iliyoandikwa katika mkataba, senti 7.52 za euro kwa uniti, si bei ya kumkamua mtu ukiilinganisha na umeme wa dizeli. Siandiki kuushutumu. Lakini eneo lake lilikodishwa kama ekari 150,000 za ardhi iliyokuwa ya jamii, malisho ya Wasamburu, Waturkana, Warendile na Waelmolo, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati zake zilitolewa bila kufuata Katiba na sheria. Wenyeji hawakuulizwa inavyopasa. Kampuni ina mfuko wake wa kusaidia maji, shule na zahanati, na msaada huo ni wa kweli. Hata hivyo hisani na haki ni vitu viwili. Mwenye hisani huamua yeye lini atoe na kiasi gani, na anayepokea hushukuru. Mwenye haki hadaiwi shukrani.

Kutoka hapa naweza kudhaniwa kwamba nataka umeme uwe bure, kwa kuwa upepo ni wa bure. Sivyo, na fikihi yenyewe haisemi hivyo. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Dawud na Ibn Majah, inawafanya Waislamu washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni walipofika kwenye moto walijiuliza, je, jirani anaweza kuingia jikoni kwangu akachukua kaa? Wengi wakajibu kwamba ana haki ya kuota joto, kuona kwa mwanga wake, kuwasha taa yake kutokana na ndimi zake. Ama kaa lenyewe, lililotokana na kuni nilizokata na kubeba, ni langu, na ataniomba. Madhehebu ya Shafi yakaongeza mfano ulio karibu zaidi na sisi: ikiwa ufukweni kuna ardhi ambayo mtu akichimba mfereji akaingiza maji ya bahari hugeuka kuwa chumvi, ardhi hiyo anaweza kuimiliki, kwa kuwa ameihuisha kwa kazi yake. Anayepita Gongoni, kaskazini ya Malindi, anaiona hukumu hii kwa macho. Bahari ni ya wote na jua ni la wote, lakini kuna tuta lililoinuliwa, kuna dimbwi lililosawazishwa, kuna aliyesimama na koleo akikusanya kilichoganda. Mtambo wa upepo ni dimbwi la Gongoni lililosimamishwa wima. Aliyechumia juani na alie kivulini. Sharti ni kwamba jua lenyewe halikuwa lake.

Basi bei halali ya umeme wa upepo ni bei ya kazi: chuma, nyaya, mishahara, riba ya mkopo kwa anayeikubali, na faida ya kadiri kwa aliyethubutu. Kupima hayo ndiyo kazi ya mdhibiti, ambaye kwa Kenya ni EPRA na kwa Tanzania ni EWURA, na hakuna anayeweza kupima kitu kilichofunikwa. Hapa ndipo mikataba inayofichwa kwa jina la siri ya biashara inaponitatiza. Mwenye amana akiruhusu kazi katika amana, wenye mali wana haki ya kujua masharti, kama warithi wanavyoweza kumdai msimamizi wa mirathi hesabu bila kumtuhumu wizi.

Ukinunua tokeni ya stima Kenya, ujumbe unaoingia kwenye simu huleta tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, na chini yake orodha ya makato: la mafuta, la kupanda na kushuka kwa fedha za kigeni, la EPRA, la usambazaji wa umeme vijijini, na moja dogo sana la Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hilo la mwisho hupitwa bila kusomwa, nalo ndilo lenye fundisho. Mto unaozungusha mitambo ya Masinga na Gitaru unahesabiwa kuwa na mwenyewe, umma, na umma unalipwa. Kwa jotoardhi, sheria ya 2019 iliweka mrabaha, na ikaugawa: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Asilimia tano ni kidogo, lakini ni haki iliyoandikwa, inayoweza kudaiwa mbele ya hakimu. Mgao kama huo sheria haikuuandika kwa upepo wala kwa jua. Mfugaji ambaye mvuke unatoka chini ya miguu yake ana fungu. Mwenzake ambaye upepo unapita juu ya kichwa chake ana mfuko wa hisani. Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka serikali ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa, nayo haikutofautisha kilicho chini ya nyayo na kilicho juu ya kofia.

Kuna jibu la kiuchumi ambalo ni lazima lipewe nafasi. Upepo haupungui, watasema. Mtambo ukiuchota leo, kesho unavuma vilevile, na mbuzi bado wanakula majani chini ya milingoti. Aliyepoteza ni nani hata alipwe? Nakubali kwamba upepo haupungui. Lakini hoja hiyo, ukiifuata mpaka mwisho wake, inamgeukia aliyeitoa, kwa kuwa chumvi ya Marib ilirejeshwa hasa kwa sababu haiishi. Kutokwisha ndiko kulikofanya isiweze kuwa ya mtu mmoja. Tena kinachopungua kipo, ila si upepo. Mahali penye upepo wa namna ile ni pachache, na barabara, nyaya na vituo vinapokaa, mwingine hawezi kukaa. Kinachotolewa na leseni ni nafasi ya kuusimamia upepo ukipita, na nafasi hiyo ina mwisho. Mrabaha ni malipo ya nafasi hiyo.

Wengine wataniambia kwamba masharti haya yatawafukuza wawekezaji, nchi zetu zibaki gizani na utakatifu wao. Hofu hii siichezei. Mtoto anayesomea kwa kibatari hawezi kungoja wanafalsafa wakubaliane. Lakini ushahidi tulio nao hauonyeshi kwamba haki ndiyo iliyowafukuza. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60, ulikufa mwaka 2016 baada ya ugomvi na wenyeji juu ya ardhi. Ule wa Loiyangalani umeburutwa mahakamani kwa miaka kwa sababu ya kile ambacho hakikufanywa mwanzoni. Mkataba usio na wenyeji ndani yake ni hatari ya biashara, na wenye benki wanaijua.

Liko jambo gumu zaidi katika mikataba hii, nalo ni malipo ya umeme ambao haukufika popote. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kuuleta umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Jukumu la njia lilikuwa la serikali. Kwa mujibu wa mkataba, umeme ambao ungezalishwa ulihesabiwa kana kwamba umezalishwa, na fidia ikawa ya mabilioni ya shilingi. Mwekezaji alitimiza ahadi yake, na aliyechelewesha hana budi kubeba hasara aliyomsababishia mwenzake; hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kipimo. Hasara ya kuchelewa ni mishahara iliyoendelea, deni lililokua, mashine zilizokaa. Ukiipima kwa upepo uliopita bila kukamatwa, umeuwekea bei upepo wenyewe, na umemlipisha mnunuzi wa tokeni kwa kitu ambacho hakuna mkono wa mtu ulioingia ndani yake. Fikihi ina kanuni kwamba faida huandamana na dhamana: anayebeba hatari ndiye astahiliye chumo. Mkataba unaolipa upepo ukivuma na kulipa nyaya zisipokuwepo umeuachia upande mmoja chumo na kuutwika mwingine hatari.

Hoja hii haimkati mwekezaji mkubwa peke yake. Sheria ya Kenya inamruhusu mteja mwenye paneli zisizozidi megawati moja kuingiza ziada yake katika gridi, na kanuni za mwaka 2024 zinamrudishia nusu ya kile alichoingiza. Wenye paneli wamelalamika kwamba wanapunjwa nusu ya jua lao. Siwaungi mkono. Si jua lao. Cha kwao ni paneli, na nguzo zinazobeba ziada yao zimesimamishwa kwa pesa za wote, akiwemo mpangaji wa chumba kimoja asiye na paa la kuwekea chochote. Wenye mapaa wakiondoka katika gridi na kuacha gharama za nguzo, watazilipa wasio na mapaa. Kama nusu ni kiasi sahihi au la, hilo ni suala la hesabu, na hesabu na zifanywe hadharani.

Ama anayesema kwamba Kenya haina dini ya dola, na kwa hiyo hadithi haziwezi kutunga sheria ya umeme, amesema kweli. Sizileti kama amri. Nazileta kwa kuwa zina hoja, na hoja humfaa asiyeamini chanzo chake, kama ambavyo Katiba iliyotaja mwanga wa jua miongoni mwa maliasili ilifikia jirani ya mahali palepale kwa njia nyingine.

Linabaki pingamizi ambalo Mwislamu hawezi kulipita juujuu: mikataba imekwisha kutiwa saini, na Surat al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha walioamini watimize mapatano. Kuvunja mkataba kwa sababu tumepata busara tukiwa tumechelewa ni dhuluma nyingine. Nalikubali, na ndiyo sababu narudi kwa Abyad, kwa kuwa riwaya ya Ibn Majah ina sehemu ambayo wasimuliaji wengi huiacha. Chumvi haikupokonywa. Mtume alimwomba Abyad waitangue ile hiba. Abyad akakubali kwa sharti kwamba ihesabiwe kuwa sadaka yake, na sharti lake likapokewa. Kisha, badala ya chumvi ile, akapewa shamba na mitende katika Jurf Murad, mahali ambapo mtu hula kwa jasho lake.