Kuamsha na Kuamkia



Sebuleni kwetu hapa Westmead ipo kompyuta ya mezani iliyozeeka ambayo haina kazi nyingine ila moja. Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, inajiwasha yenyewe na kupiga bashraf. Wanaoijua taarab ya Unguja hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, bashraf ni ule muziki usio na maneno ambao kikundi hufungulia nao shughuli kabla mwimbaji hajasimama. Tuliuchagua kwa makusudi, kwani mtu anayetoka usingizini si wa kuimbiwa mapenzi wala mafumbo ya majirani.

Wageni wanaolala kwetu huuliza kwa nini tusitumie simu kama watu wengine. Jibu fupi ni kwamba simu zetu hulala jikoni. Jibu refu ndilo hili tunalowaandikia.

Tuanze na chombo chenyewe, maana uhandisi ndiyo kazi yetu na hatuwezi kujizuia. Kompyuta iliyozimwa haijafa. Ndani yake mna betri bapa mfano wa sarafu, ya volti 3, inayolisha saa ndogo usiku na mchana. Saa hiyo inaongozwa na kijiwe cha fuwele kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa njiani: igawe kwa mbili mara 15 unapata moja, na kugawa kwa mbili ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote kwa saketi. Ikifika dakika tuliyoiandikia, saa ile ndogo inaigutua mashine nzima, diski inanguruma, programu ya ratiba inafungua faili la muziki, na spika zinafanya yaliyobaki. Tangu 2008 tumebadilisha betri mara tatu na diski mara moja. Kwa mhandisi, chombo cha namna hiyo ni cha kujivunia.

Lakini kuna swali ambalo limetukaa kifuani kwa muda mrefu. Kuamshwa ni huduma tu, kama kuchemshiwa maji, ambayo mtu yeyote au kitu chochote kinaweza kuifanya? Au ni jambo la mtu na mtu, ambalo likipewa mashine linageuka kuwa jambo jingine hata kama saa ni ile ile?

Tulikokulia sisi, Ng'ambo ya Unguja, hakuna aliyeamka peke yake. Adhana ya alfajiri ina sentensi ambayo haimo katika zile nne nyingine, nayo inamwambia aliyelala kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Muadhini hapazi sauti tu. Anatoa hoja, na aliyelala anaweza kuikubali au kuvuta shuka. Mwezi wa Ramadhani walipita vijana wa daku na ngoma na madebe yao, na tunakumbuka kwamba wakifika kwenye nyumba yenye mgonjwa au mzazi wa siku chache walishusha mikono, wakapita kimya, kisha wakaanza tena mbele ya nyumba ya pili. Walijua nani yumo ndani. Hata Uingereza ya viwanda ilikuwa na watu waliolipwa kupita mitaani na fimbo ndefu wakigonga madirisha ya wafanyakazi, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Saa za kengele zilikuwapo zamani, ila si kila mfanyakazi aliweza kuinunua au kuiamini.

Hapa Westmead, kitongoji kilicho kilomita 26 hivi magharibi ya katikati ya Sydney, hatujapata kumsikia jogoo. Yupo ndege aitwaye koel, anayekuja na majira ya joto na kuanza kulia saa tisa usiku bila kuombwa na mtu. Huyo tumwache.

Sasa tuwaambie aliyekuwa akituamsha kabla ya kompyuta. Alikuwa mama yetu, naye alikuwa Unguja.

Wenye umri wetu wanakumbuka kubipu. Unapiga simu, inalia mara moja, unakata kabla haijapokewa, na hakuna senti iliyokatwa. Sydney na Unguja zinapishana saa saba wakati wa baridi, na saa nane wakati wa joto saa za hapa zinaposogezwa mbele. Kwa hiyo kwetu ikiwa saa kumi na moja alfajiri, kwa mama ilikuwa saa nne usiku, au saa tatu. Yeye alikuwa anakwenda kulala, sisi tunatakiwa kuamka. Akibipu, nasi tukibipu mara moja, alijua tumeinuka, akazima taa. Hatukusemezana lolote. Siku za kazi zote kwa miaka karibu minne, hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yetu, na gharama yake ilikuwa sifuri.

Jumatatu tarehe 31 Machi 2008 mama alibipu saa kumi na mbili. Tulifika kazini tumechelewa, katika kikao ambacho watu walikuwa wakitungoja sisi tufungue michoro. Tuliona aibu, na aibu hutafuta mtu wa kumtwika. Jioni tulimpigia, tukamwambia kwa upole ambao haukuwa upole, "Mama, leo umekosea saa."

Hakukosea. Miaka iliyotangulia tulikuwa tumemwambia kwamba saa za huku hurudi nyuma Jumapili ya mwisho ya Machi, naye akaandika. Mwaka ule sheria ilibadilishwa, zikarudi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Tulijua na tukasahau kumwambia. Kompyuta ambazo hazikuwa zimepata sahihisho nazo zilikosea wiki hiyo hiyo, kwa sababu ile ile na kwa saa ile ile moja. Kompyuta tulizisamehe na kuzipa sahihisho. Mama tulimpa lawama.

Tukaanza kuunda chombo chetu. Kisha, tarehe 21 Mei mwaka huo huo, waya wa umeme unaotoka bara kupita chini ya bahari ukaharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa takriban mwezi mzima. Dada yetu akatueleza kwamba mama alikuwa akipeleka simu yake kila siku kwenye duka lenye jenereta, analipa ichajiwe, asije akakosa kutubipu. Hapo tukaona tuna kila sababu. Tulimpigia tukamwambia, "Mama, usijisumbue tena. Tumetengeneza kompyuta, itatuamsha kwa muziki, tena bashraf ya kwenye kanda uliyotupa."

Akacheka, akauliza inapiga yote au kipande. Tukamwambia yote. Akasema, "Haya, babaangu. Basi nitakuwa nalala mapema."

Tulidhani tumemtua mzigo. Tumeifikiria sentensi ile miaka mingi, na hatuna hakika kama ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo au ya mtu aliyeachishwa kazi.

Tuitetee mashine kidogo, maana haina wakili mwingine. Mtu mzima anayemtegemea mwenziwe kumtoa kitandani anamfunga mwenziwe kwenye usingizi wake. Mama hakuweza kulala mapema, kwenda harusini wala kuugua bila kutufikiria sisi. Si haki, na tunaamini hivyo hadi leo. Mashine haichoki wala haikasiriki, na haitusimangi. Tena ukiitazama vizuri, inayokuamsha si mashine, ni wewe mwenyewe wa jana usiku uliyeweka saa. Tatizo ni kwamba mtu wa jana usiku hajui lolote kuhusu mtu wa leo asubuhi. Amemwekea amri na kwenda zake. Mashine inaitimiza amri hiyo kwa uaminifu ambao hata vijana wa daku hawakuwa nao, kwa sababu vijana wa daku walikuwa wakitazama mlango.

Na muziki wenyewe je? Miezi ya mwanzo tuliamka tukitabasamu. Kufika mwaka wa pili, kanuni ikigusa tu sauti ya kwanza, tumbo lilijikunja. Kipande ambacho utotoni tulikisubiri kwenye redio kama mtu asubiriye mgeni sasa kilikuwa na harufu ya treni na kahawa ya haraka. Siku moja harusini huko Auburn kikundi kikafungua kwa bashraf ile ile, na mama watoto akatuona tunapapasa meza tukitafuta pa kuizimia. Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana. Tangu hapo tunabadilisha muziki kila mwezi, na ile ya kanda ya mama tunairudisha mara chache, kwa tahadhari, kama nguo ya sikukuu.

Mlio wa kubipu, kwa upande wake, ulikuwa mbaya. Ile simu yetu ya zamani ililia kama kifaranga aliyebanwa na mlango. Hata hivyo katika miaka minne hatukuuchukia hata siku moja. Hapo ndipo tulipoanza kulitazama upya neno tunalolitamka kila siku. Kuamsha ni kumtoa mtu usingizini. Kuamkia ni kumpa mtu salamu ya heshima, shikamoo na marahaba, na shina la maneno hayo ni moja: kuamka. Wazee waliotuachia lugha hii walimwona mtoto anayeamka akienda moja kwa moja kwa wakubwa wake, wakaona vitendo hivyo viwili havitengani, hata leo ukitoa shikamoo saa tisa mchana bado umeamkia. Na anayeamkiwa huitikia. Kubipu kwa mama hakukuwa na neno hata moja, lakini kulingoja jibu, na jibu lisipokwenda mtu mmoja Unguja hakulala. Bashraf ya kompyuta ni nzuri mara elfu. Haingoji kitu.

Mama alifariki Agosti 2019. Habari ilitufika saa nane za usiku za hapa. Tulikaa sebuleni na mama watoto, tukapiga simu, tukatafuta tiketi, tukalia. Saa kumi na moja, tukiwa tumepiga magoti tunafunga sanduku, kompyuta ikajiwasha. Mwezi ule ulikuwa zamu ya kanda yake. Haikuwa na kosa. Mtu yeyote, hata mgeni asiyejua Kiswahili, angechungulia mlangoni, akaona, akaurudisha mlango polepole. Mama watoto alinyoosha mkono akazima spika. Hatujui kwa nini, tulimwomba aziwashe tena, tukaisikiliza mpaka mwisho.

Maziko hatukuyawahi, tuliwahi hitima. Siku ya mwisho dada yetu alituita chumbani kwa mama, akatuonyesha kalenda ya ukutani, ile wanayogawa wenye maduka. Kwenye Jumapili ya tarehe 7 Aprili palikuwa na duara la kalamu, na pembeni ameandika "saa 4". Kwenye tarehe 6 Oktoba, ambayo ilikuwa haijafika, duara jingine na "saa 3". Sheria mpya aliishika barabara. Miaka kumi na moja tangu tumwambie asijisumbue, mama alikuwa bado anajua kwetu kunakucha saa ngapi kwake. Tulimuuliza dada kama aliwahi kusema ni za nini alama zile. Dada akasema, "Alikuwa akitazama saa, anasema sasa anaamka. Halafu analala."

Tuliporudi Westmead tulikuta karatasi imepitishwa chini ya mlango. Katika haraka ile tulisahau kufuta ratiba, na spika tulikuwa tumeziacha wazi. Kompyuta imepiga bashraf kila alfajiri ndani ya nyumba tupu. Jirani yetu wa chini ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, na tulijua tumemkosesha usingizi, basi tukashuka na sahani ya tende na halua kuomba radhi. Hakuwa na hasira. Alisema miaka yote aliusikia muziki wetu ukianza na kukatwa, na ule wa kukatwa ndio aliokuwa akiusikiliza, maana ulimwambia tuko wazima. Siku ya kwanza ulipokwenda mpaka mwisho hakufikiri kitu. Siku ya pili aligonga. Siku ya tatu alimwita msimamizi wa jengo afungue, akihofu tumeanguka humo ndani. Msimamizi alijua tumesafiri, hivyo mlango haukufunguliwa, ndipo akaandika ile karatasi kuuliza kama tu salama.

Hatukuwa tumewahi kumuuliza hata jina lake.

Leo watoto wetu wametawanyika, mmoja yuko Perth, nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kutegemea majira. Tulimwambia tuwe tunamwamsha kwa simu, akatujibu kwa adabu kwamba anayo yake inayomwamsha. Tukasema haya, baba.

Ila Ramadhani iliyopita, familia tisa za Waswahili wa huku magharibi ya Sydney tulipangiana zamu ya daku. Kila usiku nyumba moja huamka kwanza na kuzipigia nane zilizobaki, na masharti ni kwamba simu ipokewe na aliyeamshwa aseme neno, hata kama ni kunung'unika. Mzee mmoja wa Blacktown ana maradhi ya moyo na mwaka huu hafungi, kwa hiyo kwake tunapita kimya. Zamu yetu ilikuwa Jumanne. Kompyuta tuliiwekea saa kumi kasorobo, kanda ya mama, na ilipofika nusu yake tulikuwa tumeshafika nyumba ya tatu.